Sakafu ya remorki ikivuja, unga wa nyumbani uko hatarini

Ndugu wafanyakazi, na ninyi akina mama mnaopika unga huo, ukurasa huu umezoea kuzungumza juu ya kofia za kazi, baruti na mashimo. Leo tutazame kitu kinachokanyagwa kila siku bila kuangaliwa: sakafu ya mbao ya semi-remorki iliyozeeka.

Mizigo mingi ya Bunia hutoka bandari ya Mombasa, hupita Kampala, kisha huingilia Mahagi au Aru. Mingine hupanda kutoka Beni kwa njia ya Komanda. Wakati wa mvua magurudumu hurusha maji na matope chini ya remorki kwa nguvu nyingi. Turubai huzuia mvua ya juu tu.

Mbao za sakafu hulala juu ya vyuma vya kukingama na hushikwa kwa visi. Jua huzikausha zikanywea, mvua huzivimbisha, na kila shimo la barabara huzitikisa, hata matundu ya visi yakapanuka. Rangi ya chini hubanduka. Baada ya miaka mingi nyufa hufunguka kati ya ubao na ubao, na maji hupenya moja kwa moja hadi kwenye gunia la chini.

Simenti ikilowa hugeuka jiwe. Hiyo ni hasara ya fedha. Mahindi yakilowa ni jambo lingine. Huota ukungu, na ukungu wa aina fulani hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini na haimalizwi na moto wa jikoni. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa. Mahindi yale yalikuwa yamewekwa penye unyevu. Basi mama, gunia likifika na kitako cheusi chenye harufu ya uvundo, usiyachanganye mahindi yake na mengine ili kuyapunguza ukali. Mkatae nalo aliyelileta.

Karabidi ya wachomeleaji nayo ikikutana na maji hutoa gesi inayolipuka. Sianuri ya viwanda vya dhahabu haitakiwi kulowa hata kidogo.

Sakafu mbovu hudhuru kwa njia nyingine pia: hunywa. Dawa ya wadudu au asidi ikimwagika, huingia ndani ya ubao na katika nyufa, ikangoja mzigo unaofuata. Mwaka 1967 huko Doha, Qatar, na Hofuf, Saudi Arabia, watu walikula mikate ya unga uliosafirishwa melini chini ya mapipa ya dawa ya wadudu, endrini, iliyovuja. Watu 874 walilazwa hospitali, 26 wakafa. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo, mjini Chiquinquirá, Kolombia, sumu ya parathioni ilimwagikia unga ndani ya kamyo. Mkate wa asubuhi ukaua watu wengi, hasa watoto.

Kuitafuta nyufa si kazi ngumu. Mchana wa jua kali ingia ndani ya remorki tupu, mwenzako afunge milango na abaki hapohapo nje. Mwanga utakuonyesha kila tundu. Kisha choma mbao kwa turnavisi, hasa karibu na milango na juu ya magurudumu. Ikizama kama katika muhogo uliopikwa, ubao umeoza na haufai kuzibwa. Weka mpya, mgumu na mkavu. Libuyu ya Mambasa iliyokauka vizuri inafaa.

Kabla ya kuingia chini, zuia magurudumu kwa magogo na simamisha remorki juu ya vyuma imara. Jeki peke yake huteleza.

Ufa uliobaki ukwanguliwe matope yote, ukaushwe, kisha ujazwe mastiki inayonyumbuka, ile ya poliuretani. Simenti na gundi ngumu hupasuka safari ya kwanza. Ufa mpana utiwe kipande chembamba cha ubao kwanza, ndipo mastiki. Lami ipakwe upande wa chini tu. Ndani itachafua chakula. Fungua milango yote unapofanya kazi hii, vaa glavu, na usivute sigara, maana mvuke wa mastiki na rangi huumiza mapafu na hushika moto. Kama chuma cha chini kinahitaji kuchomelewa, toa ubao ulio juu yake kwanza. Cheche hujificha katika mbao kavu, na moto huwaka watu wakiwa wamekwisha kwenda kula.

Mastiki ikikauka, mwaga ndoo kadhaa za maji na utazame chini. Tone moja likidondoka, rudia mahali pale.

Lakini sakafu iliyomwagikiwa sumu isizibwe; kuziba ni kuifungia sumu ndani. Mbao hizo zing'olewe, na remorki isibebe chakula mpaka zibadilishwe. Tena zisigawiwe watu langoni mwa garaji. Mbao za bure hupendwa sana, lakini hizi hazifai kuwa kuni chini ya sufuria, wala kitanda cha mtoto, wala mlango wa banda la kuku. Mkuu wa usalama aelezwe, azitie mahali palipofungwa mpaka ziharibiwe.