AFYA: Kuilinda ngozi ya kuzunguka macho unapolala

Leo tuzungumzie sehemu ndogo ya mwili ambayo wengi wetu huikumbuka tu inapoanza kuwasha, kuvimba au kuwa nyeusi, yaani ngozi ya kope na ile ya chini ya macho. Tutaiangalia hasa wakati wa usiku, kwa sababu usiku ndipo tunapopaka vitu vyetu, tunazima taa, na vitu hivyo vinakaa hapo saa saba au nane bila kuguswa na maji.

Kwanza tuielewe yenyewe. Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, unene wake haufiki milimita moja. Chini yake hakuna tabaka la maana la mafuta ya mwili, na vitundu vinavyoilainisha kwa mafuta yake ya asili ni vichache. Wembamba huo una kazi yake, maana tunapepesa macho maelfu ya mara kwa siku na ngozi nene isingeweza. Lakini hasara ni tatu: inakauka upesi, inavimba upesi, na chochote unachokipaka kinapenya upesi. Hilo la tatu likumbuke, tutalirudia.

Kuvimba kidogo asubuhi ni jambo la kawaida. Ukilala chali au kifudifudi maji ya mwilini hutulia usoni, na ngozi ya macho ikiwa legelege inayapokea. Ukila papa mkavu au chipsi za chumvi nyingi saa nne usiku, utayaona matokeo kwenye kioo. Ongeza mto mmoja, punguza chumvi ya usiku, na asubuhi weka kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi kwa dakika chache. Uvimbe wa namna hii huisha ndani ya saa moja au mbili baada ya kuamka. Ule usioisha nitaueleza mwishoni.

HEWA YA CHUMBANI

Wengi wetu tumekulia Pwani au kando ya maziwa, mahali ambapo hewa yenyewe ina unyevu. Ukifika nchi ya baridi unafunga madirisha na kuwasha hita usiku kucha, na hewa ya chumbani inakauka. Ndugu zetu wa Ghuba nao wana kiyoyozi kinachofanya kazi ile ile kwa njia ya baridi. Ngozi ya macho ndiyo huanza kulalamika: inakakamaa, inatoa magamba madogo meupe, inawasha, na mtu anajikuna usingizini bila kujua.

Punguza hita kabla ya kulala na ongeza blanketi. Kiyoyozi kigeuze kisipulize usoni. Osha uso kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto sana, bila sabuni ya kipande kwenye kope, kisha ufute kwa kupigapiga taulo badala ya kusugua. Ngozi ikiwa bado na unyevu, chukua mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kiasi cha punje ya mchele kwa kila jicho, uyapake kwenye ukingo wa mfupa unaouzunguka jicho kwa kidole cha pete, ambacho hakina nguvu sana. Joto la mwili litayasambaza yenyewe. Mafuta haya hayaongezi maji kwenye ngozi bali yanayazuia yaliyopo yasitoke, ndiyo maana yanapakwa juu ya ngozi yenye unyevu. Ni bei rahisi, na watu wachache sana huyakataa. Krimu za bei kubwa zenye maneno mengi kwenye boksi mara nyingi zina manukato, na manukato ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kwa kuiudhi ngozi hii.

Ndimu, dawa ya meno na manjano yaliyokorogwa visikaribie macho kabisa. Singo na liwa ni vitu vizuri vya mwili, lakini viishie mashavuni.

MIKONO, NYWELE NA FORONYA

Hapa kuna jambo ambalo huwashangaza wengi. Kope zikivimba na kuwasha, mara nyingi kilichosababisha hakikupakwa kwenye kope. Kilikuwa mikononi au kichwani, na usingizini kikafika machoni. Rangi ya kucha, hasa zile za jeli, inaweza kumwasha mtu kwenye kope huku vidole vyenyewe vikiwa salama, kwa sababu ngozi ya vidole ni nene. Rangi ya nywele ni hivyo hivyo. Na piko, ndugu zangu, ile nyeusi inayopambwa mikononi kwa ajili ya harusi na Idi, mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali inayoitwa kwa kifupi PPD. Mtu anaweza kuitumia miaka bila tatizo, siku moja mwili ukaikataa, akaamka macho yamefumba kwa uvimbe. Akishafikia hapo, kila akirudia itakuwa hivyo au mbaya zaidi. Hina halisi, ile inayoacha rangi ya kahawia au nyekundu, haina tabu hiyo.

Mafuta ya nywele nayo hushuka kwenye foronya na kutoka hapo hadi usoni. Funga kichwa kwa kitambaa laini kisichokaza, na ubadilishe foronya angalau mara moja kwa wiki. Majira ya kuchipua majani, chavua ya nyasi na miti ikianza kupepea, kuna wengi ambao nyumbani hawakuwahi kuugua macho lakini huku wanawasha mpaka wanatoa machozi. Hao waoge na kuosha nywele jioni, wasilale na chavua yote ya mchana kwenye mto, na wamuulize mfamasia dawa ya mzio. Kujikuna usiku baada ya usiku kwenye ngozi yetu nyeusi huacha weusi ambao huchukua miezi kufifia.

Maskara, kope bandia na lenzi vyote vitoke kabla ya kulala. Lenzi hasa, si kwa ajili ya ngozi tu bali kwa ajili ya jicho lenyewe, kwani kulala nayo kunaweza kuleta kidonda kwenye kioo cha jicho.

Wenzetu wa shifti za usiku, wa maghalani na wa nyumba za wazee, hulala mchana. Kioo cha dirisha cha kawaida hakizuii miale yote ya jua inayozeesha ngozi, kwa hiyo nunua pazia zito. Ukitumia kitambaa cha kufunika macho, kiwe laini, kisibane, na ukifue kama unavyofua foronya.

WEUSI CHINI YA MACHO, NA MKOROGO

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike. Watu wengi wenye ngozi yetu wana weusi chini ya macho kwa asili. Mama alikuwa nao, bibi alikuwa nao, si ugonjwa wala si dalili ya kukosa usingizi peke yake. Wengine wameupata kwa kujikuna. Lakini picha za simu na maneno ya watu vinamfanya mtu atafute cha kuuondoa, na kinachopatikana upesi ni kopo la krimu ya kung'arisha kutoka duka la vipodozi, au lililofika kwenye begi la mgeni. Anapaka usiku ili watu wasijue. Wiki tatu za mwanzo anafurahi kweli, maana weusi unapungua na muwasho unaisha.

Unaisha kwa sababu krimu nyingi za aina hii zina steroidi kali. Tazama pakiti: ukiona clobetasol au betamethasone, hiyo ni dawa ya hospitali, na daktari mwenyewe huogopa kuiweka karibu na jicho. Wakati mwingine haikuandikwa kabisa. Ikipakwa kope kila usiku kwa miezi, ngozi ile iliyokuwa nyembamba inazidi kuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na ukiacha siku mbili inawaka moto, hivyo unarudia kupaka. Kibaya zaidi, inapenya hadi kwenye jicho. Huko inaweza kuleta mtoto wa jicho, na inaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho. Presha ya macho haiumi. Inaua mshipa wa kuonea taratibu, kuanzia pembeni, na mtu hugundua anapogonga milango au kushindwa kuona gari linalotoka kando. Kilichopotea hakirudi. Na watu wenye asili ya Afrika tuko kwenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huu hata bila krimu yoyote.

Kemikali ya pili ni haidrokwinoni, kwenye pakiti huandikwa hydroquinone. Ulaya, Uingereza ikiwemo, iliipiga marufuku kwenye vipodozi vya ngozi mwaka 2001, na Marekani ikazuia krimu zake zisizo na cheti cha daktari mwaka 2020. Ikitumika kwa muda mrefu inaweza kugeuza ngozi ya mashavu na chini ya macho kuwa na mabaka ya bluu na nyeusi, ambayo ni magumu kuliko weusi uliokuwa unaukimbia.

Ya tatu ni zebaki. Kwenye pakiti hujificha kwa majina kama mercury, mercurio, calomel au herufi Hg, na nyingine hazisemi lolote. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa vipodozi vyote vyenye zebaki kufikia 2025, lakini makopo bado yamo mitaani. Zebaki hupita kwenye ngozi na kuumiza figo. Haiishii kwa mpakaji, kwani inabaki kwenye foronya, kwenye taulo, na kwenye uso wa mtoto unayelala naye.

Kama unatumia kitu cha namna hii, usiendelee kukipaka karibu na macho. Lakini kama umekipaka mwili mzima kwa miezi au miaka, usikiache chote ghafla bila daktari. Mwili uliozoea steroidi huweza kuishiwa nguvu na mtu akaugua sana, na ni daktari atakayekupangia namna ya kupunguza. Mwambie pia aliyepima macho yako, akupime presha ya jicho. Uingereza, mwenye miaka 40 au zaidi ambaye mzazi, ndugu au mtoto wake ana ugonjwa huo hupimwa bure kupitia NHS.

WANJA WA WATOTO

Najua hapa nitagombana na mabibi. Wanja wa asili unaosagwa kutoka kwenye jiwe mara nyingi ni madini ya risasi, na risasi haina kiwango salama kwa mtoto. Mtoto akipakwa jioni, atajisugua usingizini, kisha vidole vinaingia mdomoni. Risasi hudhuru ubongo unaokua, na huonekani upungufu wake mpaka mtoto anapofika shule. Wanja hauimarishi macho ya mtoto wala haukuzi kope. Kama ni kwa ajili ya jicho la hasidi, tafuteni dua. Anayetaka kuuacha lakini anamchelea mama mkwe, amwambie kuwa daktari wa kliniki amekataza, na hatakuwa amesema uongo, kwa kuwa ukimuuliza atakataza.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Uvimbe wa macho wa kila asubuhi usioisha, hasa ukiambatana na miguu kuvimba au mkojo wenye povu kama la sabuni, huweza kuwa figo. Kwa mtoto usingoje wiki, mpeleke apimwe mkojo. Kwa mtu mzima anayetumia krimu ya kung'arisha ni hivyo hivyo.

Chokea ya kawaida hupona kwa kitambaa cha maji ya moto kiasi, dakika tano hadi kumi, mara tatu au nne kwa siku. Lakini kope likiwa jekundu na kuvimba pamoja na homa, jicho likiuma unapoligeuza, likichomoza mbele au kuona kukipungua, hiyo ni dharura ya leo leo, usiku huo huo. Macho yakivimba ghafla pamoja na midomo au kupumua kwa shida, piga 999 ukiwa Uingereza au 911 ukiwa Marekani.

Ukienda kwa daktari, beba makopo yote, hata lile lisilo na jina, na useme ukweli kuhusu mkorogo. Madaktari wengi wa huku hawatauliza kwa sababu hawajui, na wakikuona una ukurutu wa kope wanaweza kukuandikia steroidi nyingine juu ya ile uliyo nayo. Lugha ikiwa tatizo, omba mkalimani wa Kiswahili. NHS inatoa bila malipo, na hospitali nyingi za Marekani pia. Usimtumie mtoto wako kutafsiri, maana kuna mambo ambayo hutayasema mbele yake, na huenda hilo la krimu likawa la kwanza.