Mirathi: Msimamizi si Mwenye Mali (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza juu ya kibali cha mazishi na cheti cha kifo, tukasisitiza kwamba kifo kisajiliwe RITA ndani ya siku 30. Leo matanga yameanuliwa. Jamaa wa mbali wanafunga mizigo, na kabla hawajapanda basi wazee wanaitisha kikao cha ukoo.

Kikao hicho kina uzito, lakini kazi yake ni kupendekeza tu. Anayeteua msimamizi wa mirathi ni mahakama. Wajumbe huandika muhtasari, hutia saini, na aliyependekezwa huupeleka mahakamani pamoja na cheti cha kifo. Kwa bahati mbaya, familia nyingi huuchukua muhtasari kana kwamba ni hukumu. Kesho yake baba mdogo ameshika funguo, anapokea kodi kwa wapangaji, ameuza pikipiki ya marehemu. Mamlaka hayo hana. Mpaka apewe barua za usimamizi, anajiingiza katika mali ya watu na anaweza kudaiwa alichokitumia.

Ombi lipelekwe wapi? Ikiwa mirathi inafuata sheria za kimila au za Kiislamu, Mahakama ya Mwanzo inatosha. Kama sivyo, hufuatwa Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, katika mahakama za juu yake. Wakazi wa Dar es Salaam wana Kituo Jumuishi cha masuala ya familia kule Temeke, ambako mashauri haya yamekusanywa pamoja.

Kabla ya kuteua, mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mjane, usilipuuze tangazo hilo kwa sababu ya majonzi au kwa kuwaonea haya wakwe. Kama hukuitwa kikaoni, kama jina la mtoto wako limeachwa kwenye orodha ya warithi, au kama kiwanja ulichonunua kwa fedha zako kimeandikwa kuwa cha marehemu, nenda na stakabadhi zako ukayaseme hayo siku ya shauri. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zinamwona mjane kama mtu wa kutunzwa na watoto wake, si mrithi wa mumewe. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliitaka Tanzania iachane na ubaguzi huo. Kwa maoni yangu, kanuni hiyo ilipaswa kufutwa zamani. Nyumba nyingi zimejengwa kwa jasho la wawili.

Basi msimamizi ameteuliwa. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa gharama za mazishi na madeni, kisha kuwagawia warithi kilichobaki. Anaweza kuwa mmoja wa warithi, lakini usimamizi haumwongezei fungu hata kidogo. Nyumba yenye hati ikihamishiwa jina lake, huandikwa kuwa anaishika kama msimamizi wa mirathi ya fulani, na maneno hayo machache ndiyo kinga ya yatima. Yasipokuwapo, mnunuzi asiye na habari atauziwa nyumba yenye watu ndani.

Sheria imeweka muda pia. Katika Mahakama ya Mwanzo, msimamizi anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, kisha hesabu kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Chini ya Sura ya 352, orodha ni ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Mahakama yaweza kuongeza muda kukiwa na sababu. Hata hivyo wako wasimamizi wanaozeeka na barua mkononi, wakila kodi ya nyumba, na wadogo zao wanaogopa kuuliza wasije wakaitwa wavunjaji wa ukoo.

Ulizeni. Ikiwa hamjaona hesabu na muda umepita, nendeni mahakama iliyomteua, mtaje namba ya shauri, muombe aitwe aeleze. Akishindwa, mna haki ya kuomba uteuzi wake utenguliwe na ateuliwe mwingine. Juma lijalo tutazungumzia wosia.