Moyo wa kuendelea unatoka wapi?

Wapendwa wasomi wa Masisi na Walikale, wengi wetu tulimaliza lisansi, kazi hakuna, vita inatuhamisha, na mipango yetu imelala. Tunangoja moyo urudi ndipo tuanze. Lakini tuangalie kwanza shamba la migomba.

Mwaka 2001, mnyauko wa migomba ulionekana Masisi. Zamani mkulima aliambiwa ang'oe shina lote pamoja na machipukizi yake. Wengi walikata tamaa. Leo agronomia inafundisha hivi: kata tu mugomba ulioonyesha ugonjwa, chini kabisa, safisha panga kwa moto ao javeli, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, rudia kila wiki, miezi mingi. Mwanzoni matokeo hayaonekani. Mkulima anarudi shambani juu ya watoto wake: watakula nini? Tena anahesabu migomba iliyougua. Siku hesabu inaposhuka, nguvu inaongezeka.

Na wewe, andika sababu yako moja. Chagua kazi ndogo ya kila wiki: kurasa mbili za kusoma, barua moja ya kuomba kazi, mustari mmoja wa maharagi. Halafu hesabu. Usingoje moyo, anza, utaukuta njiani.