Bustani ya Shule Isiwe Adhabu

Mtoto wa Kibeta, hapa Bukoba, hukua katikati ya migomba. Hata hivyo, ukimwuliza kwa nini mgomba haupandwi kwa mbegu kama maharage, aghalabu hukaa kimya. Jembe amelishika mara nyingi, lakini ni kwa sababu alichelewa shule au alipiga kelele darasani. Sisi tunaona kwamba hilo ni kosa kubwa. Anayefundishwa kulima kwa adhabu hujifunza jambo moja tu: kuichukia ardhi.

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, hakukusudia hivyo. Alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo: mwanafunzi asome habari za mbolea darasani, kisha aione kazi yake shambani, naye ashiriki kupanga kazi na kufaidi mavuno.

Njia yenyewe ni nyepesi. Haragwe likiwekwa katika chupa angavu yenye karatasi iliyolowana, mtoto ataona mzizi ukitangulia, ndipo shina linyanyuke. Akifukua mgomba ataelewa kwamba kile akiitacho shina ni sehemu za chini za majani zilizokumbatiana. Shina halisi limo ardhini, nalo ndilo litoalo machipukizi.

Elimu hiyo si mchezo. Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria wa migomba uligunduliwa mkoani Kagera, ukaharibu vibanja vingi. Hauna dawa ya kuuponya. Kinga yake ni kung'oa mgomba ulioambukizwa, kuchoma kisu motoni kabla ya kukitumia tena, na kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda ili wadudu wasieneze ugonjwa. Mtoto aliyezoea kuichunguza mimea huyaelewa hayo upesi.

Ndugu zetu wa Bumbire, Ikuza na Goziba wasiseme kwamba wao ni wavuvi, hayawahusu. Mchicha huota hata katika debe kuukuu, na maji ya ziwa yapo mlangoni.

Kwa viongozi wa serikali tuna ombi. Bustani ipewe kipindi katika ratiba. Majembe na mbegu vifike visiwani pia. Bwana shamba awe mgeni wa kawaida shuleni. Na utaalamu wa kituo cha utafiti cha Maruku uwafikie watoto. Samaki mkunje angali mbichi.