Adabu za Mtoni: Wavuvi wa Majira ya Kuchipua Toronto

Sheria za uvuvi za jimbo la Ontario, Kanada, zina kurasa nyingi. Zinaeleza msimu unafunguliwa lini, samaki wangapi mtu anaruhusiwa kwenda nao nyumbani, na mishipi mingapi anaweza kuweka majini. Hazisemi lolote kuhusu yale yanayowagombanisha na kuwapatanisha wavuvi wenyewe: usimame wapi ukimkuta mwenzio amekwisha kusimama, mshipi wako upite wapi, ufanye nini samaki wa jirani anapokuja mbio miguuni pako. Hayo yamewekwa na watu, kwa mdomo, katika mito inayolikata jiji la Toronto, na kila majira ya kuchipua hufundishwa upya kwa mgeni anayeshuka bondeni kwa mara ya kwanza. Mimi nayahesabu kuwa mila kamili, yenye wazee wake, miiko yake na adhabu zake.

Samaki anayewakusanya ni stilihedi. Ni trauti wa upinde wa mvua anayezaliwa mtoni, akaenda kukulia baharini au ziwani, kisha akarudi mtoni kutaga. Kwao hasa ni mito inayomwaga maji katika Bahari ya Pasifiki. Katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini alianza kupandikizwa miaka ya 1870. Ndugu zake wako hata Kenya, katika vijito baridi vya Mlima Kenya, walikopelekwa na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini trauti wa Mlima Kenya huishi maisha yake yote kijitoni na hubaki mdogo, ilhali huyu wa Ziwa Ontario hunenepea ziwani miaka kadhaa, na anaporudi huwa na kilo 3 au 4, pengine zaidi ya 6.

Hakuikuta mito hii bila mwenyewe. Hapo kale ilikuwa ya samoni wa Atlantiki, chakula cha Wamississauga na mataifa mengine ya asili. Elizabeth Simcoe, mke wa mtawala wa kwanza wa koloni la Upper Canada, aliandika katika shajara yake ya miaka ya 1790 jinsi samoni walivyochomwa mikuki usiku kwa mwanga wa mienge ya magome ya mti. Kisha vikaja vinu vya kusaga nafaka na kupasua mbao, kila kinu na bwawa lake; misitu ikafyekwa, vijito vikapata joto na tope, na wavuvi wakavua bila kiasi. Hadi karne ya 19 inakwisha, samoni wa Ziwa Ontario walikuwa wametoweka.

Theluji inapoyeyuka mwezi Machi na Aprili, maji yakiwa kati ya nyuzi 4 na 10 hivi za Selsiasi, stilihedi hupanda. Wengine walikwisha kuingia tangu vuli, wakakaa vilindini msimu wote wa baridi. Mvuvi wa mjini anaishi kwa kuhesabu mvua. Siku inayonyesha, mto hujaa matope na takataka za barabarani. Baada ya siku moja au mbili, maji yanapoanza kushuka na kuwa ya kijani, mtu akitumbukiza fimbo yake akaona ncha yake mpaka kina cha goti, wote wanajua wakati umefika. Vijito vidogo husafika haraka kuliko mito mikubwa kama Humber na Credit, ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuanza wiki kijitoni na kuimaliza mtoni. Sehemu nyingi za juu hazifunguliwi mpaka Jumamosi ya nne ya Aprili, na alfajiri ya siku hiyo ni sikukuu bila tangazo: watu hufika gizani na taa vichwani na chupa za kahawa, wakasimama kando ya maji kungoja kupambazuke.

Wapo wanaokuja kwa treni. Kituo cha Old Mill, kilichofunguliwa mwaka 1968, kiko juu kabisa ya Mto Humber. Unashuka na fimbo ndefu mkononi, na baada ya dakika chache uko chini ya daraja la mawe lililojengwa mwaka 1916. Nadhani ni miji michache mikubwa duniani inayokuwezesha kufanya hivyo, na sababu yake ni ya huzuni. Usiku wa tarehe 15 Oktoba 1954, kimbunga Hazel kilimwaga mvua juu ya ardhi iliyokwisha kulowa. Humber ilifurika na kubeba nyumba pamoja na watu waliolala ndani. Walikufa watu 81 katika Kanada, na 35 kati yao walikuwa wakazi wa mtaa mmoja tu wa ukingoni, Raymore Drive. Baada ya hapo serikali ilipiga marufuku ujenzi katika mabonde, ikanunua ardhi ya ukingoni na kuigeuza kuwa bustani za umma. Sehemu iliyosombwa ya Raymore Drive leo ni bustani. Njia wanayopita wavuvi bila kuvuka ua wa mtu wala kulipa kiingilio ilipatikana kwa msiba ule, na inafaa kila anayeipita aujue.

Basi ardhi ni ya wote, na mto ni mwembamba. Kilindi kizuri kinaweza kuwa na urefu wa hatua thelathini, na kikawa na watu wanane. Hapo ndipo adabu inapozaliwa. Wa kwanza kufika ndiye mwenye kilindi kwa asubuhi ile. Anayefuata hupiga hodi: husimama nyuma, husalimia, huuliza kama kuna nafasi na ni upande gani. Jibu takriban kila mara ni “karibu”. Asiyeuliza, akaingia chini ya mwenzake pale ambapo chelezo la mwenzake linaelekea, amefanya kosa kubwa kuliko yote ya mtoni, na hatasahauliwa. Hapigwi wala hatukanwi. Watu hunyamaza tu, na hakuna atakayemshikia wavu.

Wakishapangana, wanavua kwa mpigo mmoja. Wa juu hutupa kwanza, chelezo lake likashuka na mkondo. Anafuata wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho, kisha wote hukunja na kuanza upya. Fimbo zao ni ndefu, nyingi zina zaidi ya mita 4, na vigurudumu vya mshipi vinazunguka bila breki ili chelezo litembee kwa mwendo wa maji yenyewe. Chini ya chelezo zimepangwa chubwi ndogondogo, na chambo kiko mwisho, kikigusagusa karibu na chini. Mgeni akija na chambo cha chuma cha kuvuta kukata mkondo, atakata na mishipi ya wenzake. Ataambiwa kwa upole abadilishe au aende kilindi kingine. Sauti ikipazwa kwamba samaki ameshika, walio karibu wote hukunja mishipi yao papo hapo, hata kama chelezo la mmoja wao lilikuwa limeanza kutikisika. Mmoja huchukua wavu na kushuka chini ya samaki, akautega, akangoja aletwe kichwa kikitangulia. Kumkimbilia samaki kwa wavu na kuugonga mshipi ni aibu. Nimeona watu wasiojuana hata kwa jina, wasioweza kuzungumza zaidi ya maneno kumi ya Kiingereza cha pamoja, wakifanya haya yote bila kuelekezana.

Sehemu ya mila hii iko jikoni. Chambo kinachopendwa ni mayai ya samaki mwenyewe. Hukaushwa kidogo, hupakwa chumvi na boraksi, kila mtu kwa kipimo chake cha siri, kisha hufungwa katika vipande vya kitambaa cha wavu laini kwa uzi, kila kifurushi kikubwa kama ncha ya kidole. Wavu huo huwa wa waridi, wa rangi ya chungwa, wa kijani kikali au mweupe, kufuatana na maji yatakavyokuwa. Kazi hii hufanywa jioni za Februari, watoto wakikaa mezani kusaidia kufunga, na friza ya nyumba ikigawanywa kati ya chakula na chambo. Mtu akikupa kichupa cha vifurushi vyake mtoni amekufanyia heshima kubwa, kwa sababu amekugawia usiku wake. Kuuza samaki waliovuliwa kwa leseni ya burudani hakuruhusiwi, kwa hiyo samaki na mayai huenda kwa zawadi, na zawadi hizo hushikilia urafiki mwingi.

Kuhusu siri, wavuvi ni wakali. Picha hupigwa nyuma pakiwa na miti isiyotambulika. Kijito hakitajwi jina. Wengine huona huu ni uchoyo. Mimi siwalaumu. Kijito chenye upana wa mita 5 kinachopita nyuma ya maduka hakiwezi kubeba umati, na samaki walio katika maji ya kina cha kifundo hawana pa kujificha.

Hapo ndipo ulipo mwiko mzito kuliko yote. Jike huchagua mahali penye kokoto na maji yanayopita kasi, akalala ubavu na kuchimba kwa mkia, akataga mayai kwa maelfu, dume akayarutubisha, kisha jike akayafunika. Kiota hicho huonekana kama duara la kokoto safi katikati ya kokoto zenye mwani. Mayai hubaki humo majuma kadhaa, na vifaranga hutoka kuelekea kiangazi. Mvuvi mwenye adabu hamtupii ndoano samaki aliye kiotani, wala hakanyagi kokoto safi wakati wa kuvuka, hata miguu ikimlazimisha kuzunguka mbali. Stilihedi hafi baada ya kutaga, tofauti na samoni wengi wa Pasifiki. Aliyeachwa leo anaweza kurudi mwakani. Kumnasa samaki kwa kumchoma ndoano mwilini kunakatazwa na sheria na huchukiwa na wote. Nimemsikia mzee mmoja akimkemea kijana kwa jambo hilo mbele ya watu, na kijana akakunja mshipi bila kujibu.

Lakini katika Humber hata samaki aliyeheshimiwa ana kazi ngumu ya kufika juu kutaga. Vizingiti vya saruji vilivyojengwa baada ya kimbunga Hazel vilizuia njia ya juu, huku maji ya chini yakipata joto mno wakati wa kiangazi kwa vifaranga. Vizingiti kadhaa vimekatwa mapengo ili samaki wapite kuelekea vijito vya juu vinavyolishwa na chemchemi za baridi. Mashariki mwa Toronto, katika mji wa Bowmanville, wenyeji walichangishana mpaka njia ya samaki kuzunguka bwawa ikafunguliwa mwaka 2013. Huko Ringwood, kaskazini mwa jiji, wanachama wa klabu ya wavuvi ya Metro East Anglers hutunza vifaranga kwa kujitolea. Mfano ninaoupenda zaidi uko Port Hope, kiasi cha kilomita 100 mashariki mwa Toronto, kwenye Mto Ganaraska. Mwaka 1944 mtaalamu wa misitu A. H. Richardson alitoa ripoti iliyoonyesha jinsi vilima vya juu vilivyofyekwa mpaka mchanga ukawa unapeperuka. Miti ilipandwa. Chemchemi zilirudi, maji yakapoa, na leo stilihedi wa mto huo wanazaliana wenyewe. Kila Aprili familia huja kuwatazama wakipanda ngazi ya samaki kwenye bwawa, na mwezi huohuo wenyeji hushuka mto kwa vyombo vya kujitengenezea, vya kuchekesha kadiri inavyowezekana, kukumbuka mafuriko yaliyobomoa kitovu cha mji mwaka 1980.

Limebaki jambo moja linalowagawa wavuvi wa jiji, nalo ni kula. Kuna kundi lenye sauti kubwa linaloamini kwamba stilihedi lazima arudishwe majini kila mara, na linamtazama kwa jicho baya anayebeba samaki kwenye mfuko wa plastiki kuelekea treni. Mara nyingi anayebeba ni mhamiaji, na mara nyingi anayemtazama hivyo hajamuuliza kitu. Naona jambo hilo ni dhuluma. Mtu mwenye leseni, aliyemvua samaki mdomoni, katika mahali na msimu halali, akachukua mmoja, hana kosa. Samaki huyo atakaangwa, atapikwa kwa mvuke na tangawizi, ataokwa na bizari, na katika nyumba za watu wa Mombasa walioko huko atapakwa tui la nazi. Linalofaa kumwambia mvuvi huyo ni lile ambalo waliokulia huko wanalijua: serikali ya Ontario hutoa mwongozo wa kula samaki, ziwa kwa ziwa, aina kwa aina na urefu kwa urefu, kwa sababu samaki mkubwa hukusanya sumu za viwanda na zebaki mwilini, na wajawazito na watoto wanashauriwa kula kidogo zaidi. Aliyesoma mwongozo huo humchukua dume mdogo na kumrudisha jike mkubwa mwenye mayai. Wazee wa Humber wanafanya hivyo miaka mingi, na wakati mwingine humpigia mtu simu kumwuliza kama anahitaji kichwa cha supu.