Kompyuta Iwakayo na Kuzimika Yenyewe

Siku hizi kompyuta zimekwisha kuingia katika nyumba na maduka mengi ya Nchelenge na Kashikishi. Mnunuzi wa chisense huweka humo hesabu za wadeni wake, mwalimu huweka alama za wanafunzi, na mama huweka picha za harusi ya binti yake. Basi uko ugonjwa mmoja wa mashine hizi uwatiao watu hasara kubwa kupita ilivyostahili: mashine hupokea sasisho la programu, kisha huwaka, huzimika, huwaka tena, bila kufika mwisho. Mwenye mashine hushikwa na hofu, humkimbilia fundi, na fundi mwenye haraka hufuta diski yote. Mashine hupona, lakini hesabu na picha zimekwisha potea. Yafaa tuujue ugonjwa huu kabla haujatupata.

Programu kuu ya kompyuta, mathalani Windows, hupokea masahihisho kila mwezi ili kuziba matundu ambayo wezi wangeweza kupitia. Lakini faili nyingine haziwezi kubadilishwa zinapotumika, kama vile ubao wa chini wa mtumbwi usivyoweza kubadilishwa mtumbwi ukiwa katikati ya ziwa. Kwa hiyo mashine hujizima, hubadilisha faili, kisha huwaka. Umeme ukikatika wakati huo, ubao wa zamani umekwisha kung'olewa na mpya haujapigiliwa. Tena yaweza kuwa faili mpya yenyewe ina kosa. Mashine ikikuta kosa kubwa, imeamriwa ianze upya. Nayo ikianza upya hukuta kosa lile lile. Hapo ndipo huzunguka kama ng'ombe wa kinu.

Msidhani ya kuwa jambo hili huwapata watu wa kwetu tu. Tarehe 19 Julai 2024, saa 12 na dakika 9 asubuhi kwa saa za Zambia, kampuni ya CrowdStrike ya Marekani ilituma sasisho lenye kosa la programu yake ya ulinzi. Liliondolewa baada ya dakika 78 tu, lakini kompyuta zipatazo milioni 8.5 za makampuni na ofisi zilikuwa zimekwisha kuanguka. Ndege nyingi zilikaa chini na hospitali zikachelewa kazi. Na dawa ilikuwa nini? Katika mashine nyingi ilimpasa mtu kuketi mbele yake, kuiwasha katika hali ya usalama, na kufuta faili ile mbaya. Hawakuwa na haja ya kufuta diski nzima.

Basi ugonjwa ukikupata, fuata njia hii.

Kwanza, ngoja. Sasisho moja laweza kuiwasha na kuizima mashine mara kadha wa kadha, na huo si ugonjwa. Maadamu asilimia zinapanda, usiguse kitu.

Pili, chomoa printa, flashi na vyote visivyo vya lazima, kisha ujaribu tena.

Tatu, pambanua kama kosa ni la programu au la mashine. Iwashe, na papo hapo bonyeza mara nyingi F2 au Delete, kwa kadiri ya mashine yako, mpaka ufike penye mipangilio ya mashine yenyewe, ambapo Windows haijaanza. Iache hapo nusu saa. Ikizimika hata hapo, sasisho halina hatia. Tazama vumbi katika feni, joto, au kifaa cha umeme kilichochoka. Ikitulia, yaelekea kosa ni la programu.

Nne, kama ni la programu, iwashe, na Windows inapoanza shika kitufe cha umeme mpaka izimike. Fanya hivyo mara mbili au tatu, na ukurasa wa matengenezo utafunguka wenyewe. Humo tafuta mahali pa kutatua matatizo, kisha machaguo ya ziada, ukaondoe sasisho la mwisho. Ikishindikana, ingia katika mipangilio ya kuanzia: tarakimu 4 huleta hali ya usalama, na 9 huizuia mashine isijiwashe upya, hata upate kusoma jina la kosa. Liandike katika karatasi, maana litamsaidia fundi.

Tano, usikubali diski ifutwe kabla ya kunakili mali yako. Mara nyingi faili zako zingali salama. Fundi aweza kuiwasha mashine kwa Linux iliyo katika flashi na kuzitoa zote. Lakini mashine nyingi mpya hufunga diski kwa siri, na zitakuuliza ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida ufunguo huo huwekwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Utafute leo, uuandike, uuweke mbali na mashine.

Sisi twajua habari ya umeme. Mwaka 2024 ukame uliyapunguza sana maji ya Kariba, na umeme ukapatikana kwa saa chache tu kwa siku. Kwa hiyo usiruhusu sasisho kuanza ila betri imejaa. Na kompyuta ya mezani isiyo na betri ingoje saa ambayo umeme huwa wa hakika. Walakini usiyakatae masasisho kabisa, kwani mlango usiozibwa humngoja mwizi.

Ndugu wanafunzi, nanyi mliohitimu zamani mkafungua maduka na ofisi, haraka haraka haina baraka. Mashine hununuliwa tena, lakini daftari la wadeni lililofutwa haliuzwi dukani.