Kigoda cha babu: Utajuaje shanga na rangi yake ni za awali?

KATIKA maboma ya Keumbu na vijiji jirani, kando ya barabara ya kutoka Kisii kuelekea Keroka, mzee anaweza kufariki akaacha kigoda cha mti kilichopambwa kwa shanga. Watoto hukitoa gizani baada ya matanga, wakakikuta kimeshika masizi, na mmoja wao akashauri kipelekwe kwa seremala kipigwe msasa na kupakwa vanishi ili king'ae. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema. Hata hivyo, nusu saa ya msasa hufuta kazi ya miaka hamsini, na hakuna fundi awezaye kuirudisha.

Dunia inawajua Wakisii kwa mawe ya Tabaka. Vigoda vyao vya shanga havivumi hivyo nyumbani, ilhali ng'ambo vimewekwa katika makavazi na hupigwa mnada. Mnunuzi wa aina hiyo, na hata mtafiti asiye na haja ya kununua, huuliza jambo moja kwanza: je, sura hii ndiyo aliyoiacha mchongaji na waliokikalia, au ni ya fundi wa juzi?

Kigoda cha asili huchongwa kutoka gogo moja, kwa hivyo hakina viungo. Kalio lake ni la mviringo na limebonyea kidogo. Shanga ndogo za kioo zimezamishwa ndani ya mbao yenyewe, zikafanya duara, nyota au mistari.

Ukaguzi huanzia chini, wala si juu. Kigeuze. Upande wa chini, ambao haukushikwa wala kukaliwa, unatarajiwa kuwa mkavu, wenye rangi iliyofifia, na alama za tezo zikionekana wazi. Ikiwa chini kunang'aa sawasawa na juu, kuna mtu aliyepitisha polishi kote. Mikwaruzo iliyonyooka na kufuatana, hasa inayokata nyuzi za mti, ni ya msasa. Tazama pia miguu, kwa kuwa sakafu ya udongo huila kwa namna isiyo sawa, mguu mmoja zaidi ya mwingine. Kingo za kalio nazo hulainika pale mkono ulipozoea kukibebea, na kubaki na makali pale mkono usipofika. Mwigaji huchakaza kila mahali kwa kiasi kimoja, na hapo ndipo hujifichua.

Shanga zinahitaji subira zaidi. Kioo huwa baridi ukikigusisha shavuni. Plastiki haina ubaridi huo. Shanga za kale zimesuguliwa na nguo na mwili hadi nyuso zake zikapoteza mng'ao, na aghalabu zimelingana na mbao. Shanga iliyochomoza peke yake, inayometa kati ya wenzake waliofifia, huenda iliwekwa baadaye. Tundu lisilo na shanga lisikuudhi. Tundu lililojaa uchafu mkavu wa miaka ni ushahidi mzuri kuliko tundu lililozibwa kwa shanga mpya na gundi. Maduka mengi yana taa ya kukagua noti bandia, na taa hiyo hufaa hapa: katika giza, gundi nyingi za kisasa hung'aa kwa weupe wa kibuluu, nayo shelaki, ile vanishi ya zamani itokanayo na utomvu wa wadudu, huonyesha rangi ya machungwa.

Kuhusu rangi ya juu, kuna jaribio dogo. Chukua pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo, uiguse mahali pasipoonekana, eneo lisilozidi punje ya hindi. Shelaki hulainika mara moja na kunata. Ikikataa spiriti lakini ikayeyuka kwa tina, hiyo ni rangi ya kupuliza. Ikikataa vyote viwili, yaelekea ni vanishi ya poliyurethani, ambayo haikuwa sokoni kabla ya katikati ya karne ya 20. Weusi uliotokana na moshi, mafuta na jasho hauna ngozi ya kubanduka. Umeingia ndani ya mti. Polishi ya viatu, hila kongwe ya wauzaji, hutoka kwenye kitambaa kikavu na harufu yake huisaliti.

Si kila ukarabati ni doa. Kigoda kilichopasuka kikashonwa kwa waya na mwenyewe, akaendelea kukikalia, kimebeba historia yake pamoja na waya huo. Kuung'oa ni kosa sawa na lile la msasa.

Kanuni hizi hazikomei kwenye vigoda. Kiti cha enzi cha Lamu na Siyu, chenye mbao nyeusi na mapambo ya mfupa au pembe, kilifumwa kwa kamba nyembamba mgongoni na kwenye kalio, na kamba ndizo huoza kwanza. Chunguza matundu zinamopita: yaliyopanuka na kulika kwenye kingo yalitumika muda mrefu, hata kama kamba zenyewe ni mpya. Kwa viti vya ofisi na misheni vilivyoachwa na wakoloni, inua kitambaa pembeni uhesabu matundu ya misumari. Safu moja ya matundu yanayolingana na misumari iliyopo yaonyesha kitambaa hakijabadilishwa. Safu tatu zaonyesha fundi alipita zaidi ya mara moja. Makumbi ya nazi, katani au manyoya ya farasi ndani ni dalili ya ukale. Sponji ya kisasa ilienea kuanzia miaka ya 1950, na skurubu zenye alama ya msalaba zilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1930.

Umri una uzito wa kisheria pia. Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kenya ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale, na hakiruhusiwi kutolewa nchini bila kibali. Anayekuja na fedha taslimu akitaka kuondoka na kigoda jioni hiyohiyo kwa kawaida hataji sheria hii.

Familia ikiamua kutengeneza, kigoda kipigwe picha kwanza pande zote, na jina la aliyekichonga, kama lakumbukwa, liandikwe. Vumbi liondolewe kwa brashi laini isiyo na maji. Kitambaa au kamba zitakazotolewa kwenye kiti zitiwe mfukoni na kuhifadhiwa pamoja nacho, hata zikiwa matambara.